Mlinzi wa Chakula Juu ya Korongo

Wenzangu wadogo wa ofisini, mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau, na nimeona nianze na lile nililowaficha. Kwa miaka ishirini na saba nimepeleka watu mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, kutembea korongoni. Nimepeleka shule, makanisa, vyama vya akina mama, wafanyakazi wa maofisi, na maharusi wawili waliokosana tukitoka Nairobi wakapatana tulipofika Mai Mahiu. Wote niliwaeleza jinsi kuta za mwamba zinavyokaribiana mpaka mtu anagusa huku na huku, jinsi maji ya moto yanavyochuruzika ukutani, na mahali pa kushika kamba. Nilieleza kwa ufundi mkubwa. Lakini korongo lenyewe sikuwa nimelishuka. Nilikuwa nikifika ukingoni, nikiwatazama wateja wakipotelea chini mmoja mmoja, kisha nakaa juu ya kreti ya soda kulinda chakula.

Kila kitu nilichojua kuhusu huko chini nilikipata kwa kuuliza waliopanda. Nilikuwa nikiuliza kwa upole, kama mwenyeji anayetaka kujua kama wageni wamefurahi. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikisafiri, kwa masikio. Nilitamani kushuka, nisiwadanganye. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kutamani, na ndivyo ilivyozidi kuwa aibu kusema.

Turudi mwanzo. Siku ya kwanza kazini nilivaa suti ya harusi ya kaka yangu, ambaye ni mnene. Ofisi ilikuwa palepale River Road mnapoijua, ghorofa ya tatu, juu ya fundi wa saa, na lifti ilikuwa ikipumzika kama inavyopumzika mpaka leo. Kuhusu vyeo sitaandika chochote, kwa sababu viti vilikuwa vitatu na kimoja kilikuwa kibovu. Mwenye ofisi alikuwa Mama Njoki, mama wa Riruta. Wazazi wake walilima mahindi mahali ambapo leo ni nyumba za kupangisha, na yeye alibaki na sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Hakuniuliza vyeti. Alinipa karatasi na penseli.

"Panga safari ya siku moja, Hell's Gate. Watu thelathini."

Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: saa kumi na mbili asubuhi, kuondoka Nairobi. Sikufika mstari wa pili. Alinyoosha mkono akaichukua karatasi.

"Kijana, umeanzia wapi?"

"Mwanzo, mama."

"Mwanzo wa safari ni jioni. Hawa watu wanatakiwa kwao saa ngapi? Anzia hapo, urudi nyuma."

Hiyo ndiyo elimu yangu yote, na sijaona chuo kinachoifundisha. Unaandika chini kabisa ya ukurasa saa ambayo mtu anafungua mlango wake. Juu yake unaandika foleni ya Jumapili jioni, wakati Nairobi nzima inarudi nyumbani kwa barabara moja. Juu yake unapanda mlima wa Mai Mahiu nyuma ya malori. Juu yake chakula, halafu korongo, halafu mtu mmoja aliyepoteza simu, maana yuko katika kila kundi. Ukifika juu ya ukurasa ndipo unajua watu waondoke saa ngapi. Mara nyingi unakuta walipaswa kuondoka jana.

Mama Njoki alinipa vitu vitatu vya kazi. Cha kwanza kilikuwa kaunta buku, yenye mstari katikati ya kila ukurasa. Upande wa kushoto uliandikwa saa ya wateja, upande wa kulia saa ya dereva. Kati ya hizo mbili kulikuwa na saa nzima. Mteja aliambiwa saa kumi na moja, dereva akaambiwa saa kumi na mbili, na wote wakakutana saa kumi na mbili, wateja wakidhani wamechelewa kwa namna ya kusameheka. "Huo si uongo," aliniambia. "Huo ni mto wa kulalia." Kitu cha pili kilikuwa firimbi ya refa. Ukiipuliza mara tatu pale ukingoni, sauti inateremka mwambani na watu wanajua saa ya kupanda imefika. Cha tatu kilikuwa fimbo ya mkaratusi, ya kufukuzia nyani.

Na alinipa sheria mbili. Ya kwanza, dereva halindi kitu. Wateja wakishuka korongoni, dereva analala, kwa sababu ndiye atakayetupandisha mlima jioni, na dereva aliyeshinda akifukuza nyani hafai kupewa roho za watu. Ya pili, chakula hakiachwi peke yake, hata ndani ya gari. Nyani wa pale walishajifunza kusukuma vioo. Nimewaona kwa macho yangu, mmoja anasukuma, mwingine anaingia, wa tatu amekaa juu ya boneti akitazama kama mwenye gari. Kwa hiyo lazima mtu abaki. Na katika kila kundi, mkiangalia vizuri, anayebaki ni yuleyule. Kwenye familia ni msichana wa kazi. Kwenye kanisa ni mpishi. Pasipo mwingine, ni mtu wa ofisi, yaani mimi.

Siku moja nilimuuliza Mama Njoki kama yeye aliwahi kushuka. Alisema ndiyo, akiwa msichana.

"Kukoje?"

"Mawe," akasema. Akafikiri kidogo. "Na maji. Lakini nenda uone."

Mtaniuliza kwa nini sikwenda siku yangu ya mapumziko. Nilijaribu kumshawishi mke wangu Rose mara mbili. Alinijibu kwamba mwanamume anayeenda kazini Jumapili bila kuitwa ana jambo analolificha. Basi nikakaa nyumbani Kabiria, nikapogoa ua.

Miaka ya kwanza ilinifundisha kuwaheshimu watu wanaojipamba. Kuna kanisa moja la huko kwetu Kabiria lililotaka kupeleka akina mama. Shida ya kwanza ilikuwa jina. Mzee wa kanisa alisimama na karatasi yangu mkononi, akafungua mdomo atangaze, akaona kwamba anakaribia kuwaalika waumini kwenye lango la jahanamu kwa basi. Alikohoa. "Akina mama watakwenda Naivasha," akasema, akaketi. Shida ya pili ilikuja siku yenyewe. Walifika wote na sare: sketi nyeupe, vitambaa vyeupe vya kichwa, na viatu vya kisigino, kwa sababu safari ya kanisa ni heshima na heshima huvaliwa. Nilikuwa nimeandika "viatu vya kutembelea," na wao wakavaa viatu vya kutembelea watu. Walishuka hivyohivyo, viatu mkononi, wakiimba. Walipopanda hakuna aliyeumia, ila sketi zilikuwa rangi ya udongo wa pale, na mwenyekiti aliniambia ile ndiyo siku bora tangu aolewe. Tangu hapo naandika: raba, zile za michezo, si nyingine.

Sasa niwaeleze kuhusu Bilha, maana bila yeye nisingekuwa na la kuandika.

Familia moja ya Lavington ilitukodi kwa sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wao. Magari matatu, keki ya ghorofa mbili, na puto ambazo nyani walizipenda sana. Walipokwisha kushuka wote, nilibaki na mwanamke mmoja wa makamo, mfupi, mwenye leso kiunoni, aliyekaa juu ya kreti ya pili na kutazama mbele kama askari. Alikuwa msichana wa kazi wa rafiki ya familia ile. Kwa salamu zake nilijua ametoka Kakamega kama mimi, tukapiga stori za kwetu na za binti yangu Nekesa. Nyani mmoja mkubwa alikuja, akanitazama mimi na fimbo yangu, akamtazama yeye, akachagua upande wake. Kila mtu anasema nyani hawaogopi wanawake. Huyo alikuwa hajakutana na Bilha. Alivua slipas mguuni akamtupia, ikampata sikioni, kisha akaenda kuiokota bila haraka.

Alipoketi tena akauliza, "Baba Nekesa, huko chini kuna nini?"

Nikaanza hotuba yangu ya kuta na maji ya moto. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo umesoma," akasema. "Mimi nauliza wewe umeona nini."

Sijui kwa nini nilimwambia ukweli. Labda kwa sababu sote wawili tulikuwa juu ya kreti.

"Sijawahi kushuka."

Alicheka hadi akashika mbavu. "Ati? Unauzia watu kitu hujaona? Hata mimi nikiuza mandazi naonja."

"Lazima mtu abaki na chakula."

Hapo aliacha kucheka. "Hiyo najua," akasema. "Mimi hii ni mara ya tano kukuja hapa. Mara ya tano, na sijawahi pita hii jiwe." Akaligusa jiwe kwa kidole cha mguu. "Napika hii chakula, naibeba, halafu naichunga kama mtoto. Siku moja nitakuja na watu wangu, na hakuna mtu atabaki juu. Hata wewe."

Nilidhani ni maneno ya kupitisha saa. Lakini baada ya mwaka hivi, Jumatatu moja, alipanda ngazi zetu tatu akihema, akaketi kwenye kile kiti kibovu kabla sijamzuia, na akaweka mezani karatasi yenye majina kumi na mawili. Walikuwa wasichana wa kazi wa Lavington. Wana chama chao, wanakutana Jumapili yao ya mapumziko nyuma ya kanisa.

"Tunataka kwenda," akasema. "Tumejilipia. Na nilikuambia, hakuna mtu wa kubaki."

Nikafungua kaunta buku. "Mnatakiwa nyumbani saa ngapi?"

Akanieleza. Madam wake alikuwa daktari, na Jumapili hiyo alikuwa na zamu ya usiku. Alikuwa na mtoto wa miaka mitatu, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Ilibidi Bilha awe ndani ya nyumba kufikia saa kumi na mbili jioni. Madam hakuwa mbaya, alisema, lakini alikuwa amemwambia wazi: saa kumi na mbili ikipita, asijisumbue kurudi. Bilha alikuwa akisomesha watoto wawili kwa kazi hiyo.

Niliandika saa kumi na mbili chini ya ukurasa, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Kisha nikaanza kupanda. Foleni, mlima, chakula. Nilipofika kwenye korongo nilikwama, maana sheria ya nani abaki ilikuwa bado ipo. Bilha alikuwa akitazama penseli yangu.

"Tutagawana," akasema. "Zamu. Sita wanashuka, sita wanachunga. Wakirudi, wengine wanaenda. Wewe uko zamu ya pili na mimi."

Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo. Miaka yote ile, kundi baada ya kundi, hakuna mteja aliyewahi kusema tugawane zamu. Nilipiga hesabu. Zamu mbili za saa mbili zilienea, kwa shida, kama tukiondoka Adams Arcade saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nikaandika upande wa kulia: dereva, saa kumi na mbili. Na upande wa kushoto, kwa mazoea, bila kufikiri hata kidogo: wateja, saa kumi na moja. Jioni nilikwenda kununua raba. Rose aliniuliza ninakimbia kutoka wapi.

Jumapili hiyo nilifika Adams saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, nikiwa nimefurahi, raba zangu mpya zikilia kwa kila hatua. Kwenye kituo cha petroli waliketi wanawake kumi na wawili kwenye ukuta mfupi, wamejifunika leso, mahotpoti ya chakula yamepangwa mstari miguuni. Hakuna aliyeniamkia.

"Mmefika mapema," nikasema.

"Ulisema saa kumi na moja," Bilha akajibu. "Tulikuwa hapa saa kumi na nusu."

Mbinu ya Mama Njoki ilikuwa imetengenezwa kwa watu wanaoamshwa. Hawa ndio wanaoamsha. Walikuwa wameacha chai kwenye thamosi, nguo za watoto zimepigwa pasi, viatu vimepangwa mlangoni, wakatembea gizani hadi Adams wakitangulia saa waliyoambiwa. Na mimi niliwaketisha kwenye baridi kwa saa moja na nusu kwa sababu ya mto wa kulalia. Dereva wetu Karanja alifika saa kumi na mbili barabara, akashangaa kwa nini watu wanamtazama vile.

Nilisema pole. Hiyo peke yake haikutosha, na safari yenyewe ikanionyesha. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu tulikuta lori limekatika ekseli katikati ya barabara, na magari yamejipanga mpaka kwenye kona. Karanja alishuka akaenda kuuliza. Alirudi akasema lori lilikwama kama nusu saa tu iliyopita. Kila mmoja alipiga hesabu yake kimoyomoyo, na mimi nilipiga kwa haraka kuliko wote. Tungeondoka saa kumi na moja, wakati wateja wangu walipokuwa tayari wameketi pale ukutani, tungekuwa tumeshapita zamani. Tulikaa hapo zaidi ya saa moja.

Tulipofika ukingoni nilifungua kaunta buku juu ya goti. Nilianzia chini, kwenye mistari miwili, nikapanda. Nikarudia. Palikuwa na nafasi ya zamu moja tu.

"Kula kwanza halafu twende wote?" mmoja akauliza.

"Mtu aliyeshiba hapandi kamba," Karanja akasema, akaenda kulala kwenye kiti cha nyuma, kwa mujibu wa sheria.

Bilha alikuwa ameshaelewa. Alikuwa anafungua kamba za raba zake, polepole. "Nyinyi nendeni," akawaambia wenzake. "Mimi nimezoea."

"Bilha, funga kamba," nikasema.

"Baba Nekesa, si tulikubaliana..."

"Saa iliyopotea ni yangu. Chakula nitachunga mimi. Wewe ukibaki leo, mimi hii kazi naiacha kesho." Na nilimaanisha. Nilikuwa na hasira, lakini si na lori. "Nikipuliza mara tatu, mpande. Madam wako anakungoja."

Alinitazama, akaangalia raba zangu, ambazo zilikuwa bado nyeupe. Akafunga kamba. Wakashuka wote kumi na wawili na kiongozi wao wa pale. Wa mwisho alikuwa Bilha, na alipofika kwenye lile jiwe alilolionyesha kwa kidole cha mguu, alisimama kidogo, akaliruka kama msichana wa shule. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, nikajifanya natafuta fimbo. Muda si muda nikasikia vicheko vikija kutoka chini, vinazidi kwenda mbali, kisha kimya, kisha mtu akapiga kigelegele ndani ya mwamba na mwamba ukamjibu.

Nilipuliza firimbi kwa wakati. Hakuna kundi lililowahi kupanda haraka namna ile. Walifika wamelowa, wamechubuka magoti, wanaongea wote kwa pamoja. Nikangoja Bilha aketi, nikamuuliza kwa upole wangu ule wa miaka yote.

"Haya, huko chini kuna nini?"

Alikuwa anamenya chungwa. Akatabasamu. "Sikuambii."

"Bilha."

"Sikuambii, na hawa pia nimewakataza. Utaenda mwenyewe."

Wenzake kumi na mmoja walinitazama na vinywa vimefungwa. Sijawahi kunyimwa kitu kwa upendo kama ule, na niliumia, na nilicheka.

Sitawachosha na foleni ya kurudi. Mnaijua. Niwaambie tu kwamba kuanzia Mai Mahiu mpaka Rironi hakuna aliyeimba, kwamba nilimpigia daktari simu mara mbili kumweleza tulipo, na kwamba mara ya pili hakujibu. Bilha alishika hotpoti tupu mapajani njia nzima. Saa kumi na mbili kasoro dakika nane gari lilisimama mbele ya lango Lavington. Mlinzi alifungua. Daktari alikuwa mlangoni, funguo za gari mkononi, mtoto kiunoni. Alimtazama Bilha, udongo mpaka kwenye nyusi, akatazama saa yake, akamkabidhi mtoto.

"Mlienda wapi kwani?" akauliza.

"Korongoni, madam," Bilha akasema. "Siku moja twende, nikuonyeshe."

Tangu juma hilo nilichora mistari mipya kwenye kaunta buku. Mmeikuta na safu moja ya saa, na mkaniuliza kwa nini sifanyi kama ofisi nyingine. Sasa mnajua. Mtu ukimwambia saa ya uongo, unakuwa umeamua tayari kwamba yeye ni wa kuchelewa, na siku akija mapema utakuwa wewe ndiye umemchelewesha. Wateja wangu wengine walichelewa, na niliwaacha, na walipiga kelele. Mwaka uliofuata walikuja mapema.

Mama Njoki alipostaafu alimwachia bintiye Njoki ofisi, na Njoki ndiye aliyenifanyia sherehe ya kuagwa. Mlininunulia saa ya ukutani kwa yule fundi wa chini, na nawashukuru, ingawa inakwenda mbele dakika nne. Baada ya hotuba nilikwenda nyumbani nikakaa. Siku ya tatu Rose alishaanza kuniuliza kama ofisi hawanihitaji hata kidogo.

Juma hilohilo Bilha alinipigia simu. Siku hizi ana hoteli yake Kabiria, anauza chapati na maharagwe, na watoto wale wawili walimaliza shule.

"Baba Nekesa, sasa? Jumamosi, Adams, saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja ya nani?"

"Ya ukweli. Kuja na Mama Nekesa. Karanja anatubeba."

Nilifika saa kumi na nusu. Alikuwa ameshafika.

Raba zangu zilikuwa zilezile, nyeupe kama siku nilipozinunua. Ukingoni Karanja alikwenda kulala. Rose alitazama chini, akasema magoti yake hayakupangiwa safari hiyo. Bilha aliketi juu ya kreti ya soda, akaweka fimbo mapajani, akavua slipas moja akaiweka karibu. Kisha akanyoosha mkono.

"Leta firimbi."

Nikaivua shingoni nikampa. Ilikuwa haijatoka kwangu tangu nilipopewa.

"Leo chakula nachunga mimi," akasema. "Shuka."

Basi nikashuka, mimi na kijana wa kuniongoza, nikitangulia kwa makalio mahali pengi kuliko kwa miguu. Na ninyi mnaotaka kujua huko chini kuna nini, nimefungwa na sheria ya Bilha, siwaambii. Nitasema tu kwamba niliweka kiganja kwenye maji yale ya ukutani, ambayo nimeyauza kwa miaka ishirini na saba, nikakiondoa haraka, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwambia mteja hata mmoja kwamba yanachoma kweli. Nililia kidogo. Kijana alidhani nimeungua, akaniambia pole.

Kisha nikaisikia firimbi kutoka juu, mara tatu, wazi kabisa. Nilijua maana yake kuliko mtu yeyote duniani. Nilijua foleni ya jioni, nilijua mlima na malori. Nikatazama kona iliyofuata, pale mwamba unapojikunja na mwanga unaingia kama kwa mlango wa nyuma, na nikamwambia kijana, "Twende kidogo mbele."

Nilichelewa kwa dakika arobaini. Nilipofika juu, kati ya chapati sita nilizopangiwa zilibaki mbili. Bilha alisema ni nyani. Rose, aliyekuwa akijifuta midomo, akasema ndiyo, nyani, mkubwa ajabu. Nimelinda chakula mahali pale maisha yangu yote ya kazi, na nyani wa pale nawajua. Hakuna hata mmoja anayefunika hotpoti akishamaliza kula.